Kumwombea Mtoto Ruhusa Shuleni Akashindane Gokati: Mwongozo wa Mzazi Anayeanza

Msimu wa mbio za gokati, vigari vidogo vya mbio, ukikaribia, maswali ya wazazi wapya huwa yale yale. Mwalimu mkuu atakubali? Niseme mtoto anaumwa? Atapitwa na masomo kiasi gani? Au nimtoe shule kabisa asomee nyumbani? Anayeuliza kwa kawaida ni mzazi wa mtoto aliyekwisha kuzoea gokati za kukodi. Ameona mtoto ana kipaji, akamkatia leseni ya mashindano, halafu akafungua ratiba ya mashindano na kukuta siku za katikati ya wiki.

Kama una muda wa kushika jambo moja tu, shika hili: hesabu siku za msimu mzima kabla hujalipia raundi ya kwanza. Wengi huomba ruhusa raundi kwa raundi. Kila ombi ukiliangalia lenyewe ni dogo, siku moja tu, nani atakataa? Muhula ukifika katikati, rejesta ya mtoto ina matundu, mwalimu wa darasa amechoka kupokea barua, na wewe umekwisha kulipia raundi nne zilizobaki.

Uwe na nini mkononi kabla ya kuanza

- Kalenda ya shule ya mwaka mzima: mihula, likizo na wiki za mitihani.
- Ratiba ya vipindi vya darasa lake, siku kwa siku. Hii wengi huisahau, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.
- Kalenda ya mashindano, pamoja na ratiba ya ndani ya kila raundi. Kalenda itakuambia "Jumamosi na Jumapili", kumbe usajili na ukaguzi wa gokati unafungwa Ijumaa jioni.
- Sera ya mahudhurio ya shule, kwa maandishi.
- Ripoti zake mbili za mwisho.
- Nakala ya leseni yake ya mashindano.

Hatua ya 1: Jua sheria ya mahali unapoishi

Kwenye mahema ya timu utakutana na familia za nchi mbalimbali, na kila moja itakupa ushauri kwa uhakika mkubwa. Ushauri huo hausafiri vizuri. Ujerumani, kuhudhuria shule ni wajibu wa kisheria na kumsomesha mtoto nyumbani karibu hakuwezekani. Ufaransa, tangu mwaka wa masomo wa 2022, kusomea nyumbani kunahitaji kibali cha mamlaka, ingawa kushiriki michezo kwa kiwango kikubwa ni mojawapo ya sababu zinazokubalika. England, mwalimu mkuu hutoa ruhusa kwa sababu za kipekee tu, na tangu Agosti 2024 vipindi 10 vya nusu siku visivyo na ruhusa ndani ya wiki 10 za masomo vinaweza kumletea kila mzazi faini ya pauni 80, inayopanda hadi 160 isipolipwa ndani ya siku 21.

Kwa hiyo tafuta majibu matatu ya kwenu: nani ana mamlaka ya kutoa ruhusa, ruhusa ikikataliwa nini hufuata, na kuna kikomo cha siku ngapi. Uliza ofisi ya shule. Usiulize fundi wa timu.

Hatua ya 2: Hesabu siku, kisha hesabu vipindi

Chukua kalamu ya rangi na kalenda ya shule. Weka alama kila siku ya masomo ambayo mtoto hatakuwepo, ikiwa ni pamoja na siku ya kusafiri na siku ya kurudi. Kwa kawaida hali huwa hivi:

Mashindano ya klabu hufanyika ndani ya wikendi, mara nyingi siku moja tu. Hayagusi shule. Mashindano ya kitaifa huwa na mazoezi Ijumaa, kufuzu (mizunguko ya kupanga nafasi za kuanzia) na mbio za mchujo Jumamosi, na fainali Jumapili. Hapo hesabu Ijumaa moja kwa kila raundi, na Alhamisi kama uwanja uko mbali. Mashindano ya kimataifa yanaweza kuanza Jumatano au Alhamisi. Ongeza safari, na wiki karibu nzima imekwenda.

Sasa fanya hesabu. Raundi nane za kitaifa kwa Ijumaa moja moja ni siku 8. Ukiongeza Alhamisi, ni 16. Weka raundi mbili za kimataifa za siku nne nne, umefika 24, na hujahesabu homa wala mafua. Kipimo cha kulinganisha: Marekani, ambako mwaka wa masomo una takriban siku 180, mwanafunzi anayekosa asilimia 10 ya siku hizo, yaani 18, huwekwa kwenye kundi la wanaokosa shule kupita kiasi hata kama kila siku ilikuwa na ruhusa.

Ukimaliza siku, ingia kwenye vipindi, maana hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Mtoto anayekosa siku kumi kwa ugonjwa hukosa kidogo hapa na kidogo pale. Wa gokati hukosa Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Kama Ijumaa ina vipindi viwili vya hisabati na maabara ya sayansi, basi anakosa hisabati na maabara mara nane mfululizo, huku masomo mengine hayajaguswa. Ripoti inapokuja, mzazi anashangaa: mbona Kiingereza amepata vizuri na hisabati ameanguka? Hajawa mzito wa hisabati. Ameikosa tu, kila mara siku ile ile.

Kwa hiyo andika pembeni ya kila tarehe majina ya vipindi atakavyovikosa. Jumlisha kwa somo. Somo linalojitokeza zaidi ya mara nne katika muhula mmoja linahitaji mpango wake: mwalimu wa ziada, kipindi cha darasa lingine siku nyingine kama shule inaruhusu, au kuacha raundi. Shule zenye mikondo miwili ya darasa moja mara nyingi hufundisha mada ile ile siku tofauti. Uliza, kwa sababu hakuna atakayekuja kukwambia.

Hatua ya 3: Punguza kabla ya kuomba

Usipeleke shuleni orodha ya siku 24. Kata kwanza.

Anza na Ijumaa zenyewe. Katika mashindano mengi mazoezi ya Ijumaa ni ya hiari, na mbio rasmi huanza Jumamosi. Soma kanuni za raundi uone ni nini hasa cha lazima: dereva anapaswa kusaini saa ngapi, kikao cha maelekezo ya madereva kiko lini, na kama fundi au mzazi anaweza kupeleka gokati kwenye ukaguzi bila mtoto kuwepo. Ukikuta vyote vya lazima viko Jumamosi asubuhi, mtoto anaweza kumaliza masomo Ijumaa na kuondoka jioni. Atapoteza mizunguko ya mazoezi, ni kweli. Kwa uwanja anaoufahamu, hasara hiyo ni ndogo. Kwa uwanja mgeni ni kubwa zaidi, basi tumia Ijumaa zako chache huko.

Kisha hamishia siku za majaribio kwenye likizo. Kumtoa mtoto shuleni Jumatano ili ajaribu kabureta ya injini ni jambo ambalo sitalitetea mbele ya mwalimu yeyote.

Mwisho, angalia umri. Kwa mtoto wa miaka 8 au 9, msimu mzuri wa klabu na raundi chache za mbali unatosha kabisa. Timu itakuambia wenzake wanakimbia wikendi 30 kwa mwaka. Timu ina gokati za kukodisha na mahema ya kujaza, ichukulie hivyo. Formula 4, ngazi ya kwanza ya magari ya mbio baada ya gokati, haimpokei dereva kabla ya miaka 15, na leseni ya juu inayohitajika kuendesha Formula 1 imewekewa kikomo cha kawaida cha miaka 18 tangu 2016. Muda upo.

Hatua ya 4: Zungumza, halafu andika

Nenda kwanza kwa mwalimu wa darasa, ana kwa ana, kabla muhula haujaanza au katika wiki yake ya kwanza. Mwalimu aliyesikia habari hii kwako atakutetea ofisini. Aliyeisikia kutoka ofisini atajiona umempita. Baada ya hapo andika barua moja kwa muhula mzima. Unaweza kuanzia hapa:

*Kwa Mwalimu Mkuu,*

*YAH: OMBI LA RUHUSA YA …………, DARASA LA ……, KWA SIKU …… ZA MUHULA HUU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtoto wetu ana leseni ya mashindano ya gokati kwa watoto na amejiandikisha katika raundi …… msimu huu. Raundi hizo zinagusa siku zifuatazo za masomo: …… (tarehe, na vipindi atakavyokosa kila siku). Raundi zilizoangukia wiki ya mitihani tumeziacha.*

*Tunaomba ruhusa kwa siku hizo. Kazi za vipindi hivyo tutazichukua kwa walimu kabla ya safari, naye atazirudisha siku atakaporudi. Alama zake zikishuka, tutaacha raundi inayofuata bila kusubiri shule ituambie.*

*Tumeambatanisha kalenda ya mashindano, nakala ya leseni na ripoti yake ya muhula uliopita. Tuko tayari kufika shuleni kwa mazungumzo.*

*Majina na sahihi za wazazi au walezi.*

Makosa yanayoharibu ombi zuri:

- Kusema mtoto anaumwa. Mtoto anayeharisha Ijumaa na kupanda jukwaani na kombe Jumapili hujulikana shule nzima Jumatatu. Picha zinasambaa kabla hujafika nyumbani, na kuanzia hapo hata homa ya kweli haitaaminiwa. Isitoshe, unamfundisha mtoto kudanganya na kumwachia yeye kazi ya kuutunza uongo wako mbele ya walimu.
- Kulipia kwanza, kuomba baadaye. "Tumeshalipa" si sababu. Mwalimu mkuu huisikia kama kushurutishwa.
- Kuahidi ubingwa wa dunia. Ndiyo, Lewis Hamilton, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1, alianza gokati akiwa na miaka 8. Na watoto wengi wengine pia walianza hivyo. Eleza mtoto anajifunza nini sasa: nidhamu, kufanya kazi na timu, kukubali kushindwa.
- Kuacha siku ya kurudi nje ya hesabu. Ukiomba Ijumaa na mtoto akakosa na Jumatatu, umevunja ahadi kwenye raundi ya kwanza kabisa.

Hatua ya 5: Chukua kazi mapema, na uulize swali sahihi

"Naomba kazi za kufanya" hukuletea karatasi za kumshughulisha mtoto. Uliza: "Ijumaa mtafundisha mada gani, na Jumatatu mtaendelea na nini?" Ukijua mada, unaweza kumfundisha au kumtafutia wa kumfundisha. Weka yote kwenye karatasi moja: somo, mada, kurasa, siku ya kurudisha. Karatasi hiyo abebe mtoto mwenyewe, na yeye ndiye azungumze na mwalimu. Wa miaka 8 atahitaji usindikizwe, wa miaka 12 hahitaji.

Kuna vitu havifidiki kwa karatasi: majaribio ya maabara, kazi za vikundi, mazoezi ya kuzungumza. Kwa hivyo omba tarehe nyingine, au usipange safari siku hiyo.

Hatua ya 6: Kusoma uwanjani

Tuseme ukweli. Eneo la mahema lina kelele za injini, harufu ya mafuta na watoto wengine wanaocheza mpira. Ratiba inaonekana ina nafasi, kwa sababu dereva huingia kwenye njia ya mbio kwa dakika kumi au kumi na tano kisha anasubiri saa nzima au zaidi. Lakini saa hiyo haiko huru. Kuna kuzungumza na fundi, kuangalia data, kula, na wasiwasi. Hakuna mtoto anayeelewa sehemu na desimali dakika ishirini kabla ya kufuzu.

Kinachofanya kazi ni hiki. Masomo asubuhi, kabla hajavaa ovaroli, dakika 40 mezani ndani ya gari au chumbani mlikolala, bila simu. Kazi nzito ndiyo iwe ya asubuhi hiyo: hisabati, insha. Mchana mwachie usomaji mwepesi tu. Jioni hakuna cha maana kitakachoingia kichwani baada ya mbio tatu za mchujo, usipoteze nguvu kugombana. Vizuia kelele vya masikioni vinasaidia sana. Safari ndefu ya gari hufaa kwa kusikiliza masomo na kuulizana maswali, ila wapo watoto wanaochefuka wakisoma garini, na kuwalazimisha kutakuletea usafi wa viti.

Utasikia wazazi wakisema kifaa cha kurekodi data kinamfundisha mtoto hisabati kuliko shule. Kina mchango wake: tofauti za muda wa mizunguko, kasi kwenye kona, grafu. Mtoto wangu alielewa mteremko wa grafu kupitia kasi yake mwenyewe. Hata hivyo kifaa hakitamfundisha aljebra, wala historia.

Hatua ya 7: Linda Jumatatu

Fainali ikiisha saa kumi na moja jioni na uwanja uko umbali wa saa sita, mtoto atalala saa saba usiku baada ya kufunga mizigo. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Ama mlale huko na Jumatatu iwe kwenye barua tangu mwanzo, ama muondoke mapema na kumwachia fundi kazi ya kufunga. Kumpeleka shule akiwa nusu usingizini ni kuhudhuria kwa rejesta tu.

Onyo kuhusu kichwa. Mtoto akigongwa au akipinduka, kisha akalalamika maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au kuumizwa na mwanga, mbio zake zimekwisha siku hiyo, hata kama anaongoza msimamo. Akitapika tena na tena, akipoteza fahamu, akishikwa na degedege, au usingizi ukizidi kuwa mzito, ni hospitali mara moja. Mtikisiko wa ubongo unahusu shule moja kwa moja: siku moja au mbili za kwanza ni za kupumzika na kupunguza skrini, kisha anarudi taratibu kwenye masomo, na masomo hutangulia mbio. Mtoto ambaye hajaweza kukaa darasani siku nzima bila kichwa kumuuma hana ruhusa ya kuvaa helmeti, hadi daktari aseme. Mwambie mwalimu. Walimu wengi humdhania mtoto wa namna hiyo mvivu kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Hatua ya 8: Weka mstari kabla msimu haujaanza

Kaeni na mtoto muandike masharti mawili au matatu yanayopimika. Kwa mfano: alama zikishuka katika masomo mawili, tunaacha raundi moja. Kazi ya shule isipokamilika kufikia Jumatano, Ijumaa hatuondoki. Masharti yaliyoandikwa mwezi mmoja kabla hayana hasira ndani yake. Yakiandikwa usiku wa kuamkia safari, huwa adhabu. Na ukiyaandika, yatekeleze tangu mara ya kwanza yanapovunjwa, hata kama matairi mapya yameshanunuliwa.

Je, nimtoe shule kabisa?

Kwa mtoto anayekimbia kitaifa peke yake, jibu langu ni hapana. Siku 10 au 12 kwa mwaka zinabebeka ndani ya shule ya kawaida. Kusomea nyumbani kunahitaji mtu mzima mwenye muda wa kufundisha kila siku, na mzazi anayehangaika kutafuta pesa za mbio mara chache huwa na muda huo. Kwa wanaokimbia kimataifa mwaka mzima, shule ya mtandaoni yenye walimu wa kweli na mitihani inayotambulika inaweza kufaa. Thibitisha kutambulika huko kwanza. Na anayekwambia shule na mbio haviendi pamoja mkumbushe Andrea Kimi Antonelli, aliyefanya mitihani yake ya kumaliza sekondari nchini Italia mwaka 2025, huku akiendesha Mercedes katika msimu wake wa kwanza wa Formula 1.

Mambo yakienda kombo

*Mwalimu mkuu amekataa.* Uliza ni siku zipi hasa zinazomsumbua. Mara nyingi si zote. Rudi na orodha fupi, na upendekeze kujaribu raundi mbili kisha kutathmini. Akikataa kabisa, kimbieni mashindano ya wikendi mwaka huu na uombe tena ukiwa na ripoti nzuri.

*Mwalimu mmoja hatoi kazi.* Usimshitaki. Omba kunakili daftari la mwanafunzi mwenzake siku ya kurudi, na muombe mwalimu dakika kumi za maswali.

*Mtihani umegongana na fainali.* Omba tarehe nyingine mapema, mara moja. Kama ni mtihani wa taifa, nenda kwenye mtihani. Fainali nyingine itakuja msimu ujao.

*Wazazi hawakubaliani.* Malizeni nyumbani kabla barua haijaandikwa. Shule ikipokea ruhusa ya baba na pingamizi la mama, itakataa. Mkivuka mpaka, mzazi anayebaki aandike barua ya ridhaa, kwani maofisa wa uhamiaji wanaweza kuidai.

*Marafiki wamepungua.* Hili hutokea zaidi ya wazazi wanavyodhani, kwa sababu sherehe na mechi za watoto pia ziko wikendi. Acha wikendi mbili kila muhula bila gokati, na umwachie yeye achague zipi.

*Raundi imeahirishwa.* Ruhusa uliyopewa ni ya tarehe zile, haihami yenyewe. Mpeleke shule siku iliyofutwa, hata kama alishaaga wenzake, na uandike ombi jipya siku hiyo hiyo ukiambatanisha tangazo la waandaaji.